Maisha ya Mama Nakuunganisha, Pamoja na Yaliyoondolewa Kwenye Programu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, asanteni kwa kufika. Mimi ni binti yake mkubwa, kifungua mimba wake, na ndimi niliyepewa kazi ya kusoma wasifu huu. Mkifungua programu mliyopewa pale getini mtaona wasifu mfupi wenye picha. Huo sitausoma. Ulipunguzwa na kamati ya mazishi, na katika kupunguza, kamati iliondoa mambo mawili: ugonjwa ambao mama aliishi nao kwa miaka mingi, na mtoto wake wa mwisho. Yote mawili ninayo hapa mkononi na nitayasoma kwa sauti yangu ya kawaida. Atakayeona aibu aangalie viatu vyake mpaka nimalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1953, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya viatu ya babu yetu. Alikuwa mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga. Alikua kati ya harufu ya gundi na ya ngozi, na babu alimfundisha kuchagua kiatu kwa kukikunja soli, si kwa kukitazama. Bibi alimwachia ubishi. Wanaukoo wamezoea kusema ubishi ule ulitoka kwa babu, lakini waliomfahamu bibi wanajua ukweli.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1960, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1970. Hesabu zilimshinda na hakuwahi kuzisikitikia. Sauti yake ndiyo iliyomfungulia njia. Mwalimu mkuu alimpa kazi ya kusoma matangazo kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi pekee aliyesikika mpaka mstari wa nyuma bila kupiga kelele. Mwaka 1971 alipelekwa mafunzo ya uopereta wa simu, na Januari 1972 akaajiriwa katika hospitali kuu ya mji wetu. Alifanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2013.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi kuu, hakina dirisha, kina kiti cha kuzunguka kilichokataa kuzunguka, na ubao wa matundu na nyaya ambao sisi watoto tulikatazwa hata kuupumulia. Aliyepiga simu hospitalini miaka ile alimsikia yeye kwanza: "Subiri kidogo, nakuunganisha." Ndivyo alivyopata jina la Mama Nakuunganisha, na wengi wenu hapa hamkuwahi kumwita jina jingine.

Maopereta wa pale walikuwa na sharti moja. Kabla hujamuunganisha mtu, unamrudishia alichosema. "Umesema wodi ya wazazi, ndivyo?" Akikubali, ndipo unachomeka waya. Mwenzake mmoja aliona huko ni kupoteza muda, na siku moja akamuunganisha baba aliyekuwa akisubiri habari za mtoto mchanga moja kwa moja na chumba cha maiti. Baba yule alizimia kwenye kibanda cha simu, akaletwa kulazwa hapo hospitalini, na kwa bahati mtoto na mama yake walikuwa wazima kabisa. Tangu siku hiyo mama alilishika sharti lile kwa mikono miwili, akalileta na nyumbani. Kwetu haikuruhusiwa kumjibu mtu mwenye uchungu kabla hujarudia alichokisema. Unatoka shule umefura, anakuuliza, unamwaga yako yote, naye badala ya kukutetea au kukugombeza anasema, "Umesema mwalimu amekuonea mbele ya wenzako, ndivyo?" Tuliichukia tabia hiyo kuliko kuosha vyombo. Lakini mara nyingi ulipofika kwenye "ndivyo" hasira ilikuwa imeshapungua, na ukaanza kusimulia na ile sehemu uliyokuwa umeificha.

Tarehe 4 Desemba 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na baba yetu, aliyekuwa fundi wa lifti hapo hapo hospitalini. Walifahamiana kwa simu. Kila lifti ilipokwama, baba alipiga kwa opereta ili aunganishwe na stoo ya vipuri. Baada ya miezi kadhaa mama akagundua kwamba simu za lifti zimezidi lifti zenyewe. Alimwuliza, "Umesema lifti ya pili imekwama, ndivyo? Mbona nimetoka kupishana na watu walioteremka nayo?" Baba akakata simu, kesho yake akaja mwenyewe chini ya ngazi na kofia mkononi. Katika ndoa yao walikuwa na ugomvi mmoja tu usiokwisha: mama hakupanda lifti. Alipanda ngazi kila siku, hata alipokuwa na mimba, na baba alikuwa akilalamika mbele ya wageni kwamba mke wake mwenyewe haamini kazi yake. Mama alijibu kwamba anaiamini sana, ila magoti ni yake.

Sasa ninafika palipofutwa.

Mwaka 1991, kitinda mimba wake akiwa bado ananyonya, mama aliugua sonona. Narudia, sonona, kwa kuwa neno hili halijawahi kutamkwa kwa sauti katika mkusanyiko wowote wa ukoo wetu. Kazi yake haikuwa kuunganisha simu tu. Yeye ndiye aliyezipigia familia simu kila mgonjwa wao alipofariki, miaka nenda miaka rudi, katika chumba kile kisicho na dirisha, kisha akirudi nyumbani akapika. Kwanza aliacha kuimba akifua. Halafu akaacha kuchana nywele. Siku moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na hakuweza kukivaa. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba hiyo si malaria. Lakini kazini tulisema malaria, na majirani tukawaambia malaria, na malaria ile ilidumu mpaka watu wakaanza kuuliza huyo ni mbu gani. Ndani ya ukoo lugha ilikuwa nyingine. Wengine walisema ni uvivu, wengine majivuno, na wengine walitaka apelekwe kwa waganga wanaojua kutoa mambo. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Aliyemuuliza alikuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili, ambaye mama alimfahamu kwa sauti tu. Alikuja nyumbani kwa sababu aliikosa sauti ya mama kwenye simu, na maelezo ya malaria hayakumwingia akilini. Alikaa naye kitandani. Hakumwambia ajikaze. Alimsikiliza, kisha kwa mazoea yale ya simu, yaliyokuwa yameshawaambukiza wafanyakazi wote wa hospitali, akamwambia, "Umesema umechoka hata kuvuta pumzi, ndivyo?" Mama akasema ndiyo. Akalia sana, na mimi nililia nyuma ya pazia.

Mama alilazwa katika wodi ile. Alipewa vidonge, akakaa na watu waliomsikiliza, na aliporuhusiwa kurudi nyumbani muuguzi alimpa kazi moja: leo utembee mpaka mlangoni, na usizidishe. Kesho yake mlangoni tena. Baadaye getini, halafu kwenye kona ya kinyozi, halafu kulizunguka soko, mpaka akawa anakwenda kazini kwa miguu na kurudi. Watoto wa mtaani walimwita Mama Doria. Watu wazima walimwita mwendawazimu wa asubuhi, na hawakujua walivyokuwa wamekaribia ukweli wa ugonjwa wenyewe, ila kwa lugha isiyo na adabu.

Hayo ndiyo matembezi ya marehemu yanayosifiwa katika programu mliyoshika. Pameandikwa hapo kwamba "alipenda mazoezi na kuzingatia afya". Hakuyapenda. Asubuhi nyingi aliyachukia, na alisema hivyo huku akifunga kamba za viatu. Alitembea kwa sababu alikuwa mgonjwa na hakukubali kubaki kitandani. Huwezi kuwasomea watu dawa ukawaficha ugonjwa, halafu ukategemea wakuelewe.

Mengine aliyajenga kidogo kidogo. Alikunywa maji kabla ya chai. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na kikombe chake mpaka jua limpate usoni, na wakati huo hatukuruhusiwa kumuuliza chochote, hata daftari lilipo. Alikula ameketi, mboga kwanza, akitafuna taratibu mpaka sisi wenye haraka tukaudhika. Alilala mapema, na simu za mkononi zilipoingia mijini na kila mtu akaja na yake, aliamuru zilale jikoni, ndani ya sufuria kubwa yenye mfuniko. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuja siku moja kula nasi, na simu yake ikaanza kulia sufuriani. Akainuka. Mama akamwambia, "Kaa, shemeji. Iache iive kwanza." Baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa, na nadhani bado anakumbuka.

Vidonge hakuviacha. Naomba hili lisikike mpaka kule nyuma. Walikuwepo waliomwambia aache dawa aombe tu. Wengine walimwambia vidonge vinatosha, hayo ya kumaliza soli za viatu ni ya nini. Wote aliwarudishia maneno yao. "Umesema niache dawa niliyopewa na daktari, ndivyo?" Wengi wakishayasikia walianza kuyarekebisha wenyewe. Yeye aliomba, alitembea, alimeza vidonge, na alikwenda kuzungumza na wauguzi wake kila alipotakiwa, na hakuona kwa nini achague kimoja.

Wala sisemi kwamba alipona akaishi raha mustarehe. Sonona ilimrudia mwaka 1998, na ilimrudia kwa nguvu mwaka 2009 alipofiwa na mumewe. Kila iliporudi alianza upya mpaka mlangoni, bila kuona haya, akiwa amevaa viatu vizuri kabisa kwa safari ya hatua chache. Mwaka ule wa 2009 kinyozi wa pale kona alimwona amesimama mlangoni, akafunga duka lake, akaja kusimama naye. Magoti ya kinyozi yalikuwa yakimsumbua, na mama akamshauri aanze taratibu. Akaongezeka muuza mkaa, ambaye usingizi ulikuwa umemkimbia, na mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiongea na redio kwa kukosa mtu. Kundi hilo limekuwa likitembea mpaka leo. Mmewaona. Ndio wale waliofika hapa kwa miguu wakati sisi tulikuwa tunagombania nafasi za magari.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 mama alianza kuumwa tumbo na mgongo. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Daktari alitueleza waziwazi kwamba hakuna alichokula wala alichoacha kula kilichoileta, na kwamba mwili aliokuwa ameutunza ulimsaidia kuyabeba matibabu. Hata hivyo, jana nikipita na sinia la vikombe nilimsikia mtu akisema, "Mazoezi yote yale, majani yote yale, na bado kafa." Sitamtaja, vikombe vilikuwa vingi. Lakini mama aliulizwa jambo hilo hilo akiwa hai, na jirani aliyekuja kumwona wodini, na alimjibu hivi: "Sikufanya ili nisife. Nilifanya ili nikiamka asubuhi niweze kuvaa viatu vyangu na kutoka nje." Na wewe wa jana, jibu lako ni hilo.

Nina jambo la pili lililoondolewa. Oktoba mwaka jana mdogo wetu wa mwisho, mwalimu wa sekondari, aliacha kwenda kazini. Kila ukimuuliza hali alijibu, "Nipo tu." Sisi tulidhani amechoka. Mama alikuwa wa kwanza kutambua, na alikwenda kwake, akakaa naye, akamrudishia maneno yake mpaka yakatoka yote. Baba mdogo alishauri kwamba kama lazima apelekwe hospitali, basi apitishwe mlango wa nyuma, jioni, watu wakiwa wametawanyika. Mama alimshika mwanawe mkono, akapita naye lango kuu mchana kweupe, akiwasalimu walinzi mmoja mmoja kwa vile wote anawafahamu. Mdogo wetu akalazwa katika wodi ile ile aliyolazwa mama. Ukoo ukaambiwa amesafiri kikazi. Kila jioni mama alikwenda wakatembea pamoja uani.

Mama naye alipolazwa, mgonjwa akawa yeye. Mdogo wangu alipewa ruhusa ya kupanda kumwona, na alipanda kwa ngazi. Walikuwa wakitembea koridoni, mama ameshika ile stendi ya dripu, mwanawe amemshika kiwiko, na sijui nani alikuwa anamwongoza nani. Siku moja mama aliniita karibu. Sauti ilikuwa imepungua lakini bado ilisikika vizuri. Akasema, "Nikiondoka, huyu msimfiche. Mimi mlinificha. Niliumwa ugonjwa, na juu yake nikaumwa kufichwa." Nikamrudishia, kama alivyotufundisha: umesema tusimfiche, ndivyo? Akasema ndivyo.

Alifariki Jumatatu tarehe 19 Agosti 2024, asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyoomba.

Jumatano tulikaa kikao sebuleni. Baba mdogo alisema watu wazito watakuja, wakiwemo wakubwa wa hospitali, na si vizuri kijana aje katika hali ile. Akapendekeza asije, na akasema kwenye programu kamati imeandika watoto wawili ili maneno yasiwe mengi. Mimi sikupaza sauti. Nilisema, "Umesema mtoto asimzike mama yake, na mama azikwe kama vile hakumzaa. Ndivyo, baba mdogo?"

"Sikusema hivyo."

"Basi umesemaje?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu. Alisema anamlinda. Alisema watu watamcheka, kazini hawatampokea tena, hakuna nyumba itakayompa mchumba. Namwamini kwamba alikuwa anaogopa kwa ajili yake. Baba mdogo ndiye aliyekaa nasi baba alipofariki, na simchukii, na heshima yake iko pale pale. Lakini hofu ile ile ndiyo iliyoandika malaria mwaka 1991, na mama aliibeba malaria hiyo hadi Jumatatu. Nilimwambia hivyo. Akasema basi tena, programu imeshachapishwa. Nikamwambia ni sawa, mimi sijachapishwa. Mdogo wangu anayenifuata, fundi umeme, mtu ambaye mkikaa naye saa nzima hamtapata sentensi kamili, alisimama akachukua funguo za gari akasema, "Asubuhi nitamfuata mimi." Kikao kikaisha.

Kwa hiyo nayasoma haya mbele ya watu wazito na watu wepesi. Mama yetu alikuwa na sonona. Aliishi nayo, akafanya kazi nayo, akalea nayo, akaizuia kila siku kwa miguu yake, vidonge vyake, usingizi wake na masikio yake. Kama kati yenu yupo ambaye leo asubuhi kiatu kilimshinda, aje kesho kwenye kona ya kinyozi. Kundi linaondoka jua likichomoza. Hataulizwa kwa nini amechelewa kuja, na akifika mpaka mlangoni kwake tu akarudi ndani, aje siku nyingine. Na kama anahitaji hospitali, apite lango kuu. Mimi nitampeleka.

Marehemu ametanguliwa na mumewe, fundi wa lifti. Ameacha dada mmoja, shemeji mmoja, wakwe wawili, wajukuu watano, kundi lake la asubuhi, na watoto watatu. Wa kwanza ni mimi ninayesoma. Wa pili ni fundi umeme, yule pale aliyeshika mwavuli. Wa tatu ni mwalimu. Yuko hapa, nyuma, amevaa shati la bluu, amesimama na muuguzi wake. Anaumwa ugonjwa aliokuwa nao mama, anatibiwa, na ametembea kwa miguu yake kutoka getini mpaka pale alipo.

Baba mdogo, naomba usogee kidogo, mdogo wangu apite aje mbele, mahali pa mtoto.

Asante.

Sasa mama anaweza kupumzika kwa amani. Watoto wake wote wamefika.